Kamba Nyekundu ya Mkanda

Kiwandani kwetu Louisville mashine zilijaza makartoni na kuyafunga, mkanda ukayaleta mbele yangu, nami nikabandika lebo. Pembeni mwa mkanda ilipita kamba nyekundu. Tulifundishwa kuivuta ikiwa mashine imekamata mkono wa mtu. Mwaka mzima sikuigusa.

Asubuhi moja, wakati wa mapumziko, dada yangu alinipigia simu kutoka Uvira: mama ametutoka. Nilirudi mahali pangu, nikabandika lebo tatu. Bon, kwetu akifa mtu, hata jirani haendi shambani mpaka azikwe. Na mimi, mtoto wake wa kuzaa, nabandika lebo? Nikavuta kamba.

Mkanda wote ulisimama. Supavaiza akaja mbio, akanishika mikono yote miwili, akatazama vidole kimoja kimoja.

“Umeumia wapi?”

“Mama yangu amekufa.”

Akaniachia mikono, akaniambia pole, tena pole ya kweli, siwezi kumsingizia. Halafu akawasha mkanda. Makartoni yaliyorundikana nyuma yakanijia yote kwa pamoja, na mikono yangu, mikono isiyo na adabu, ikayapokea.