Kasi ya Kwenye Tangazo na Rovu la Mama Adhiambo

Siku yangu ya kwanza kazini, mapema miaka ya themanini, nilikalishwa ndani ya eksichenji ya Kisumu, kituo cha kuunganishia simu. Nilikuwa binti wa mtaa wa Kaloleni, nimemaliza shule juzijuzi, na Kiswahili changu ndicho kilichonipatia kazi ya operata. Mbele yangu palikuwa na swichibodi, yaani ubao wenye matundu mengi. Mteja akipiga simu, taa ndogo inawaka, nawe unaunganisha tundu lake na la yule anayemtaka kwa waya wenye plagi. Laini za kwenda mashambani zilikuwa chache mno, kwa hiyo Msimamizi wa Zamu, mama ambaye hata salamu zake zilikuwa kama karipio, alitufundisha kuingia kwenye mazungumzo kila baada ya muda kukagua kama laini bado inatumika.

"Uliza, 'Bado mnaongea?' Ukisikia watu, toka. Ukisikia kelele tupu, chomoa. Laini ni ya watu wote, si ya baba yako."

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Ahero kama fundi wa nyaya, mwanamke peke yangu miongoni mwa wanaume waliosubiri kwa hamu nianguke kutoka kwenye mlingoti wa simu. Sikuanguka. Mafuriko ya nyanda za Kano yaliingia kwenye maungio ya nyaya chini ya ardhi, na kila yalipoingia simu zilianza kukoroma. Fundi Mkuu alipenda kusema kwamba maji hayakati simu, yanaichosha tu. Tangu hapo nikiona mawingu yanakusanyika upande wa ziwa, husimama kuyatazama, hata leo ambapo sina waya wowote wa kuangalia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimepunguzwa kazi na kuajiriwa na kampuni ndogo ya intaneti mjini. Meneja wetu alikuwa kijana mwenye tai na maneno matamu. Alibandika mlangoni tangazo kubwa lililosema kwamba kwetu intaneti inakwenda kasi ya hadi kilobiti hamsini na sita kwa sekunde. Neno "hadi" lilikuwa dogo mpaka uinamie.

Ninyi mnaolalamika leo kwamba mtandao hauendi kama mlivyoahidiwa, jueni maneno yenyewe ni ya zamani. Kwanza, tangazo huhesabu biti, na kompyuta ikishusha faili hukuonyesha baiti. Biti nane ndizo hufanya baiti moja, kwa hiyo ile hamsini na sita ukiigawa inabaki saba. Pili, modemu, kile kisanduku kinachopitisha data kwenye waya wa simu, hupatana kwanza na mwenzake kasi ambayo waya utaimudu. Waya ukiwa mbovu, hukubaliana kwenda polepole. Tatu, wateja wetu wote waligawana njia moja ya kwenda Nairobi, na kutoka Nairobi kwenda Ulaya. Nilimweleza Meneja haya yote.

"Bi Zainabu," alinijibu huku akicheka, "wewe unauza wasiwasi. Mimi nauza intaneti."

Basi siku moja alinituma hospitali ndogo ya misheni mbele ya Kombewa, ambako tulikuwa tumefunga kompyuta. Daktari wa pale alikuwa na mgonjwa mwenye rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, aliyeitwa Mama Adhiambo. Picha zake za eksirei zilikuwa zimetumwa kwa mwalimu wa Daktari huko ng'ambo, naye alikuwa amezirudisha na alama za mahali pa kukata na mahali pa kuepuka. Kilichobaki kilikuwa kuzishusha. Meneja alikuwa ameshamwambia Daktari kwenye simu kwamba ni suala la dakika chache.

Nilifika mchana. Mama Adhiambo alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji, hajala tangu jana, na kila pumzi yake ilitoka kwa mluzi mwembamba. Uvimbe ulikuwa unamkaba. Nilimwomba operata wa huko aniunganishe na Kisumu, modemu zikapigiana kelele zao, na kasi iliyoandikwa kwenye kioo haikufika hata robo ya ile ya tangazo. Picha ilianza kujichora kutoka juu, mstari baada ya mstari. Ikafika kidevuni. Ikakatika.

Nikaanza upya. Kidevu, kisha koo kidogo, ikakatika tena.

Daktari alisimama nyuma yangu. "Meneja wako alisema itafika kabla sijamaliza kunawa mikono. Nimpe dawa ya usingizi?"

"Usimpe, Daktari. Haijafika hata mabegani."

"Unasikia anavyopumua? Nikimwacha vile, tutampoteza."

"Nasikia." Nilikuwa nasikia mluzi ule kuliko nilivyomsikia yeye.

Mbingu zilikuwa safi, kwa hiyo haikuwa mvua. Ilipokatika mara ya tatu nikamkumbuka Msimamizi wa Zamu na swali lake, maana eksichenji ya huko bado ilikuwa ya kuunganishwa kwa mkono. Nikainua simu, operata yule akaitikia.

"Mama, hiyo laini yenu iko na shida," alisema. "Mimi naingia nauliza, 'Bado mnaongea?' Hakuna mtu anajibu. Nasikia tu kitu inapiga kelele. Si nachomoa?"

"Hiyo kelele ndiyo maongezi, dada. Ni kompyuta mbili. Ukiingia tu, zinaachana."

"Woi! Sasa nikiwaachia laini, wengine nitawaambia nini? Chifu amesimama hapa, anataka Kisumu."

"Mwambie kuna mgonjwa mezani."

"Aya. Lakini itachukua muda gani?"

"Sijui."

"Hata wewe hujui?"

"Hata mimi, dada yangu."

Hakuingia tena. Picha ikashuka kwa mwendo wake: koo, mabega, kisha kifua. Daktari aliinama karibu na kioo. Chini kabisa, nyuma ya mfupa wa kifua, mwalimu wake alikuwa amechora mstari mwekundu: uvimbe ulikuwa umeteremka na kuulalia mshipa mkubwa wa damu.

Daktari alivua glavu. "Ningekata kutoka juu," alisema, "angeishiwa damu mikononi mwangu." Tulimpakia Mama Adhiambo kwenye pikapu ya kampuni, Daktari akimshikilia kichwa, tukaenda naye hadi hospitali kubwa mjini, akapasuliwa huko na mabingwa wenye damu ya akiba. Akapona.

Nimestaafu miaka mingi sasa. Wajukuu wananionyesha simu zao na kulalamika kwamba zinakwenda polepole, nami nawaeleza habari za biti na baiti hadi wanapiga miayo. Mama Adhiambo yuko Asembo Bay, anauza samaki, na tukikutana ananikumbatia na kuniombea dua ndefu. Lakini sauti yake ni ya kukwaruza, haisikiki hatua chache kutoka alipo, na mabinti zake ndio humwitia wateja. Uvimbe ukikandamiza mishipa ya sauti kwa muda mrefu, inaweza kufa. Huenda ilikuwa imekufa kabla sijafika. Huenda ilikufa mchana ule, mimi nikisema asubiri. Daktari bado yuko hai, na anapajua kwangu. Sijawahi kumuuliza.