Mapaa ya Mitende

Harufu ya tope la mikoko, maji yakishatoka na jua likaanza kulipiga, ndiyo harufu ya kwanza ninayoikumbuka katika maisha yangu. Ni harufu nzito ya chumvi na majani yaliyooza, na sisi tuliozaliwa Chole, kisiwa kidogo cha Mafia, hatuisikii tena, mpaka mgeni aje akunje pua ndipo tukumbuke kwamba ipo. Mama yangu aliisikia kila siku hadi alipokufa. Asubuhi alikuwa akipika uji huku amejiziba pua kwa upindo wa kanga, mkono mmoja usoni, mwingine kwenye mwiko. Kibanda chetu kilikuwa chini kabisa, mahali ambapo maji ya bamvua, bahari ijaapo sana, hufika karibu na mafiga. Nyumba ya baba ilikuwa juu, nyumba ya mawe yenye baraza pana na upepo mzuri. Tulihamishiwa kule chini mke wa baba alipoletwa kutoka Unguja, kwa sababu mama hakuwa mke. Alikuwa suria, mtumwa aliyenunuliwa. Mimi baba alinikubali kuwa mwanawe, kwa hiyo nilihesabiwa muungwana, na aliyenizaa hakuhesabiwa. Nayasema haya waziwazi kwa kuwa jamaa zangu wa upande wa baba hupenda kuyazungusha maneno. Wao husema "yule bibi aliyekuwa akikaa pale nyumbani," kana kwamba alikuja kutembea akapapenda.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa amekaa kizingitini akisoma kitabu cha shule kwa sauti. Kitabu kilieleza habari za ngamia anayefumba pua zake mchanga ukivuma, na dubu mweupe wa nchi za barafu mwenye manyoya mazito na mafuta chini ya ngozi, na mti wa jangwani unaoficha maji ndani ya shina. Kila baada ya maneno machache kitabu kilisema kwamba kiumbe fulani amezoea mazingira yake. Amezoea, umezoea, wamezoea. Nilimwambia akifunge. Mtoto akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Bibi, nimesoma vibaya?" Hakusoma vibaya. Anasoma vizuri kuliko wenziwe wote. Lakini neno lile nililishiba nikiwa mdogo kuliko yeye, na mpaka leo nikilisikia damu hunichemka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Baba alikuwa mtu wa mimea. Sitamnyima haki yake, alikuwa anajua. Watu wengine wa daraja yake walijua bei ya nazi na basi, lakini yeye alitaka kujua mti unaishije. Kuna siku alinishika mkono tukashuka mpaka kwenye mikoko maji yakiwa yametoka, akiwa amepandisha kanzu yake magotini, akanionyesha mizizi iliyojitokeza juu ya tope kama vidole. Akaniambia tope hili halina hewa, kwa hiyo mti umeinua pua zake juu upate kupumua. Akanikatia jani la mchu, mmoja wa miti ile ya mikoko, akaniambia nililambe. Lilikuwa na chumvi kweli. Mti ule, akasema, unakunywa maji ya bahari halafu chumvi yake unaitolea majanini. Akanionyesha pia namna mkoko unavyomlea mtoto wake juu ya tawi, mrefu na mwenye ncha, mpaka awe tayari kuanguka na kuchoma tope na kusimama papo hapo kabla maji hayajamchukua. Nilimpenda sana baba siku ile. Ilinipendeza kuwa mtoto wa mtu anayejua mambo makubwa namna ile, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimuuliza maswali naye akinijibu.

Ndiyo maana nasema alijua. Angekuwa mjinga ningemsamehe mengi.

Mapenzi yake makubwa yalikuwa mitende. Machipukizi yake aliletewa kutoka Maskati kabla mimi sijazaliwa, yamefungwa katika magunia mabichi, na akayapanda uwanjani nyuma ya nyumba. Mtende ni mti wa nchi kavu. Unataka maji chini na jua kali juu, na mvua ikiunyeshea wakati wa matunda, tende huoza kabla hazijaiva. Hayo yote baba mwenyewe ndiye aliyenieleza. Mtu angemuuliza, basi kwa nini umeuleta Mafia, kisiwa ambacho masika yakianza hata kuni za ndani zinaota ukungu? Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nadhani alikuwa akiitamani nchi ya babu yake ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Mashina yake yalimwagiwa maji ya kisima kila jioni ya kiangazi, yakachanganyiwa mchanga wa pwani udongo usishikamane sana, yakawekewa samadi ya ng'ombe iliyobebwa kwa vichwa kutoka upande wa pili wa kisiwa. Jani likigeuka manjano, nyumba nzima ilipata habari. "Maskini," alikuwa akisema huku akilishika jani lile, "hii ni miti migeni. Lazima tuipe hali ya kwao."

Mama naye alitoka mbali. Alitoka nchi ya milima, bara huko, ambako asubuhi umande huganda juu ya majani ukawa mweupe, na watu hulala na ng'ombe ndani ya nyumba moja wapate joto. Alinisimulia kwamba juu kabisa mlimani upo mmea mrefu kumpita mtu, ambao jua likitua hukunja majani yake yote kufunika moyo wake usigande, na asubuhi ukayafungua. Nilimwambia baba habari hiyo. Akacheka, akasema watu wa bara wana hadithi nzuri. Mjukuu wangu ana picha ya mmea huo katika kitabu chake, ukurasa mmoja na wa ngamia. Nilipouona nilitamani baba angekuwa hai nimwekee mbele ya macho yake.

Watu wa milimani homa ya mbu hawaijui. Sisi wa pwani inatushika utotoni, anayekufa anakufa, anayepona anaishi nayo. Mama ilimkuta amekwisha kukua, na haikumwacha. Kila masika ilimlaza, na kila masika ilimwacha mwembamba zaidi, macho ya manjano, tumbo limevimba upande wa kushoto. Na kila masika baba aliletewa habari zake, naye akajibu vilevile, bila ukali wowote, "Atazoea." Hilo ndilo jibu alilolitoa mama alipoletwa akiwa msichana asiyejua kula samaki, na ndilo alilolitoa mama aliponizaa mimi akatetemeka arobaini nzima. Walimpa hata jina la kumsaidia kuzoea: Subira. Jina alilopewa na mama yake mzazi ninalo, alinitajia. Hapa siliandiki. Alipokuwa hai hawakulitaka, nami sioni sababu ya kuwapa sasa.

Mwaka ninaousema, mimi nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya mbele, na kaskazi ilikuwa ikivuma, mitende ikatoa maua kwa mara ya kwanza. Baba alikuwa kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Mwenyewe, kwa mikono yake, alichukua vishada vya mtende dume akavifunga ndani ya maua ya majike, kwa maana bila kufanyiwa hivyo jike halizai. Baada ya wiki kadhaa vitende vya kijani vikaonekana. Watu walikuja kutoka ng'ambo, Juani na Utende, kuviangalia. Kule chini, muda huo wote, mimi na mama tulikuwa tukishona makuti. Paa letu lilikuwa limechakaa. Ukilala chali unaziona nyota. Baba alikuwa ametoa ruhusa tuchukue makuti mabichi kutoka shambani kwake, nasi tukayaloweka baharini, tukayapasua, tukayashona juu ya vijiti kiungo baada ya kiungo, tukayaanika, tukayapanga. Mama alishona hata siku za homa, akiwa ameegemea ukuta. Alijua kabisa nini kinamngoja masika yakimkuta chini ya paa lile. Aliniambia, "Mwaka huu tutalala pakavu," na nilimuona akitabasamu, jambo lisilokuwa la kila siku.

Mawingu yalipoanza kujikusanya kusini, walikuja watu wa baba wakayabeba makuti yetu yote. Sikuelewa. Nilidhani wamekuja kutuezekea. Niliwafuata mbio mpaka juu, na huko nikaona nguzo zimesimikwa kuzunguka mitende. Ilikuwa bado mifupi, vishada vyake vilining'inia usawa wa kifua cha mtu. Baba alikuwa akiijengea mapaa. Kila mtende uliozaa ulisimamishiwa banda lake, majani yamechomoza pembeni, vishada vimefunikwa, na juu yake yale makuti aliyoyashona mama. Sijawahi kuona tena miti iliyoezekwa, na wala sijasikia kwamba mahali pengine popote duniani watu wamefanya upuuzi kama ule.

Mama alipanda mwenyewe kwenda barazani. Alikuwa haendi kule bila kuitwa. Baba alikuwa amekaa na wageni wake wanakunywa kahawa, nami nilisimama nyuma ya mama nimeshika kanga yake.

"Bwana," akasema, "makuti yale ni ya paa langu. Mvua hii hapa."

"Najua, Subira," baba akajibu. Hakukasirika hata kidogo. "Ngoja kidogo, tutashona mengine. Mitende ni migeni, haijazoea mvua. Wewe umeshazoea."

"Mimi nami ni mgeni, Bwana."

Wageni wakacheka. Sauti ya kicheko kile ninayo masikioni mpaka leo. Mmoja wao akasema Subira amejua kusema siku hizi, na baba akacheka pamoja nao, akamwamuru mpishi ampe mama bakuli la wali. Mama hakulipokea. Tukashuka. Makuti mengine hayakushonwa, maana mvua ilianza kabla hata watu hawajakwea minazi kuyakata, na mvua ikishaanza kuti halikauki. Tuliziba matundu kwa magunia. Jirani akatupa mkeka uliochanika tukautandika juu ya paa. Maji yaliingia tu. Kitanda cha mama tulikisogeza kona hii na kona ile mpaka kona zikatuishia.

Homa ilikuja kama ilivyozoea kuja, ila safari hii alilala ndani ya maji. Nilikuwa nikimpangusa na yeye akitetemeka mpaka kitanda kikalia. Asubuhi moja aliacha kunijibu kwa Kiswahili, akawa anazungumza lugha ya kwao tu, na mimi sikuijua zaidi ya maneno machache. Nilikimbia mpaka juu nimelowa chapachapa. Nilimkuta baba ndani ya mojawapo ya yale mabanda, pakavu kabisa, amechuchumaa mbele ya mtende wake. Tende zote za mtende ule zilikuwa zimeshaanguka. Ukungu ulikuwa umeziingia hivyo hivyo chini ya paa, kwa sababu hewa yenyewe ya masika ni maji, na hilo hakuna kuti linaloweza kulizuia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia mama haongei tena na mimi. Nikamwomba anipe makuti yaliyoufunika mtende ule mmoja, uliokuwa mbele yake, ulioishiwa matunda. Sikuomba mengine. Alinisikiliza vizuri, akanishika kichwa, akanipangusa maji usoni kwa kilemba chake. Kisha akautazama mtende. "Bado una karara moja changa ya maua kule juu," akasema. "Tukiufunua sasa nalo litaoza. Mpe mama yako maji ya mwarobaini. Atazoea."

Mama alikufa siku ya tatu yake, mchana, mvua ikiwa imekatika. Alizikwa jioni hiyo hiyo. Baba alikuja kaburini, na nitasema ukweli kwamba alilia, machozi ya kweli. Tulipokuwa tukipokea mikono ya pole alimwambia imamu, "Hali ya hewa ya hapa haikumkubali." Mtoto mdogo nilikuwa, lakini niliusikia uongo ule na nikaujua. Hali ya hewa haina mikono ya kubeba makuti. Usiku wa arobaini, watu walipokuwa wanatawanyika, aliniita nihamie nyumba ya juu nikalale na dada zangu. Nikamjibu, "Ndiyo, Bwana." Akadhani nimekosea. Akanisahihisha, "Sema ndiyo, baba." Nikasema tena, "Ndiyo, Bwana." Niliishi katika nyumba ile mpaka nilipoolewa, nikala chakula chake, nikamsalimu kila asubuhi kwa heshima zote, na lile neno baba sikumpa tena. Alinipiga kwa ajili yake, alinibembeleza kwa ajili yake, alininunulia bangili. Mwisho alizeeka, na alipokuwa mgonjwa alitaka sana nimwite. Nilimlisha kwa mkono wangu, nikamgeuza kitandani, nikamuita Bwana.

Leo Chole hainunui watu wala haiuzi. Wadachi, Wajerumani wale, wamekwenda zao, na nyumba ile ya mawe imeota mizizi kwenye kuta. Mjukuu wangu anajifunza darasani yale ambayo mimi nilifundishwa kwa kushikwa mkono topeni, na mwalimu wake ni kijana mwenye asili ya bara, ambaye homa ikimshika hospitali humpa dawa na wiki ya pili yuko kazini. Nayaona hayo na nashukuru. Lakini jamaa zangu kila mwaka hufanya hitima ya marehemu baba, na kila mwaka anatokea mtu mzima wa kunieleza kwamba marehemu alikuwa mpole, msomi, mwenye huruma hata kwa miti, na kwamba mimi binti yake sasa ni mzee, imefika wakati wa kuwa radhi naye. Mwaka huu nitamjibu mapema asipoteze pumzi yake. Namwombea maghufira, kama dini ilivyoniamuru. Radhi ni ya mama, naye hawakumuuliza.