Nilivyokwenda Stockholm Kusikia Hukumu

Mei 2011 nilipanda ndege kwenda Stockholm kwa sababu moja tu: dada yangu Rehema alikuwa amemshtaki mwenye nyumba mmoja, Mswidi, na hukumu ilikuwa inatoka. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama, Morogoro. Nimeamuru watu wakae kimya kwa miaka thelathini, nikaona familia haiwezi kupokea hukumu bila mtaalamu.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Rehema alipiga simu kuulizia nyumba ya kupanga, akataja jina lake, akaambiwa imeshapata mtu. Nusu saa baadaye muuguzi mwenzake, Mswidi, akapiga simu kuulizia nyumba ileile; huyo akakaribishwa aje kuiona. Mwenye nyumba akakana kubagua. Kwa miezi mingi watu walimwambia Rehema labda alisikia vibaya, mpaka na yeye akaanza kujishuku. Hukumu aliitaka ili aache kujiona kichaa.

Asubuhi ya hukumu tuliondoka nyumbani kwake Hallunda, mimi nikiwa na suti nyeusi na tai. Kwenye treni kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu hadi mjini, ingawa kuanzia kituo cha Vårby gård watu walisimama. Nilinuna. Mume wa Rehema, Baba Furaha, Mkongomani wa Bukavu, alinituliza.

"Usijali, shemeji. Hawa hata wao kwa wao hawakalaki pamoja."

Saa tano kamili tulikuwa mahakamani. Nilitafuta ukumbi, nikatafuta hakimu, nikatafuta hata mtu wa kusimama kwa heshima yake. Palikuwa na dirisha, na nyuma yake mama mwenye sweta aliyempa Rehema karatasi zilizobanwa kwa pini.

"Muulize hakimu atasoma saa ngapi," nilisema.

Rehema akauliza. "Anasema hakimu hasomi, ameshaandika. Kaka, nilikwambia kwenye simu, ukasema mimi si mtu wa mahakama."

Akasoma palepale, amesimama. Kwenye ukurasa wa mwisho alirudia mara mbili.

"Wameandika kwamba alinibagua," alisema taratibu. "Sikusikia vibaya."

Akalia, na mimi nikalia ndani ya suti yangu. Yule mama alitupatia karatasi laini za kufutia machozi, kisha akatuomba kwa adabu tusogee, kuna mwingine anasubiri.

Jioni tulikula sombe, kisamvu cha Kikongo, kwa samaki, nami nikatoa mhadhara mrefu juu ya roho mbaya ya Waswidi. Rehema alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Kaka, vile vyumba vyako vya uani, Warundi unawapangisha?"

"Hiyo ni tofauti. Mimi naangalia tabia."

"Mwenye nyumba naye alimwambia hakimu hivyo hivyo."

Baba Furaha akainamia sahani yake. Mimi niliona aibu, na nilimkasirikia dada yangu kwa siku mbili nzima.

Siku ya tatu tangu nirudi Morogoro, fundi cherehani mmoja, Mrundi, alibisha hodi kuulizia chumba. Mke wangu alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia vimejaa. Nikamwahi, nikampa fundi ufunguo. Alipokwenda kuchukua mizigo yake, mke wangu aliniuliza ni nani ameamua mambo haya.

"Mahakama," nilimjibu.

Hakuuliza ya wapi, na mimi sikumwambia.