Vifuko vya Mgunga

Mwaka ule wa ukame, hapa Korbesa, tulibaki na ng'ombe mmoja tu wa kukamua, na mwanangu alimtegemea yeye kwa kila kikombe. Nyasi zilikwisha, kwa hiyo nilikuwa nikitikisa migunga kwa fimbo ndefu ili maganda yenye mbegu yaanguke nimlishe. Ila maganda hayaanguki peke yake. Huanguka pamoja na vifuko vya nondo, vigumu, vya kijivu, ukubwa wa kidole gumba, na lazima uvichague uvitupe, maana vimefumwa kwa hariri ambayo tumbo la ng'ombe haliwezi kuisaga.

Kiwavi hufuma kifuko tawini, akajifungia humo hadi mvua inyeshe. Hutoka nondo, na nondo huyo hana hata mdomo wa kulia chakula. Hutaga mayai, akafa. Utotoni tulivitia changarawe, tukavifunga miguuni tukicheza ngoma. Yaani nilivijua vizuri! Lakini siku moja jua lilikuwa kali, nikaona uvivu, nikammwagia ng'ombe gunia zima la maganda bila kuyachagua.

Siku ya tatu hakucheua. Tumbo likavimba.

"Ile maganda ulichagua?" mama akaniuliza.

"Nilichagua."

Wallahi, sijui ulimi ule ulikuwa wa nani. Mama akaniamini. Akasema basi ni gesi tu, akamnywesha mafuta, akakaa kumsugua tumbo. Angejua ukweli, angemwita jirani amchinje mapema, nyama iwe halali, tule na nyingine tuuze. Nilijua hivyo, na bado nikanyamaza. Nikajifanya naosha vyombo.

Alasiri ng'ombe akalala ubavu, miguu imenyooka. Hapo ndipo niliposema, "Mama, sikuchagua."

Mama akamwita jirani kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Mzee yule akaja mbio na kisu mkononi, akainama, akamgusa ng'ombe jicho. Halikupepesa.

"Imeshakufa," akasema, akarudisha kisu alani.

Tulimburuta porini, fisi wakafaidi. Mwanangu alikunywa chai ya rangi hadi mvua ilipokuja.

Mama hajawahi kunigombeza kwa hilo. Ila mpaka leo nikimletea maganda ng'ombe tuliyempata baadaye, hata nikiwa nimeyachagua moja moja, huyamwaga mkekani, akaketi, akayachagua upya mbele yangu.