Fromaji ya Masisi Mbele ya Serikali Tatu za Kiislamu

Niliondoka Goma kwa sababu fromaji zilikuwa zinaniharibikia. Vita vya waasi na serikali vilikuwa vimefika karibu na Sake, jirani na mji, wazungu wa mashirika walikuwa wamehama, na hoteli zilizokuwa zinanunua jibini yangu zilibaki na walinzi tu. Mimi ni mfugaji wa Masisi. Ndugu yangu Faustin alikuwa amebaki mlimani na ng'ombe wetu tisa, akitengeneza fromaji na kuziteremsha mjini kwa pikipiki. Mimi nilikuwa nimekimbilia Goma na mke wangu Esperance na watoto, Neema na wadogo zake, tukapanga chumba mtaa wa Mapendo. Fromaji zilijaa chini ya kitanda, na watoto wakalala juu ya harufu.

Mama Zaina ndiye aliyenitoa. Yeye ni Muislamu, anauza mikeka ya plastiki na beseni pale sokoni Birere, na amezoea kusafiri. Siku moja alisimama mlangoni kwetu, akashika pua.

"Papa Deo, huko kwa Waarabu banakula fromaji kila asubuhi. Tubebe kidogo, tukaonyeshe. Lakini watauliza kama ni halali. Fromaji ni yenu, weye ndiye utajibu."

Shida ilikuwa kwenye prezire, yale maji ya tumbo la ndama anayenyonya ambayo hugandisha maziwa. Ili kuyapata lazima ndama achinjwe, na mchinjaji wetu ni mimi, Mkatoliki. Habari ilipofika parokiani, katekista wetu muzee Anselme aliushika mkono wangu wa kuume akautazama muda mrefu, kama mtu anayeuaga. Esperance alishona msalaba wangu ndani ya pindo la shati. Hivyo ndivyo nilivyokwenda kuzitembelea serikali kali za Kiislamu, nikiwa na fromaji sita na hofu ya parokia nzima.

Siku ya tatu tulikuwa Khartoum. Joto la pale lilizifanya fromaji zitoe jasho kabla yangu. Binamu yake Mama Zaina, Idi, aliyekuja kusoma na kubaki, alitupeleka kwenye ofisi inayokagua vyakula, na yeye ndiye aliyetafsiri.

"Nani alimchinja ndama?" aliuliza ofisa.

"Mimi."

"Na wakati wa kuchinja ulisema nini?"

Nilifikiri nidanganye, lakini nilihisi ule msalaba kwenye pindo. "Nilisema: Faustin, shika miguu."

Idi alisita kabla ya kutafsiri. Ofisa alicheka mpaka akavua miwani. Akasema chakula cha watu wa Kitabu kwake hakina neno, ila lazima abaki na nusu ya fromaji kwa uchunguzi. Aliichunguza palepale kwa mkate.

Mchana huohuo tulikaa kwenye vigoda vya mama mmoja muuza chai, kando ya ukuta. Kabla hatujamaliza vikombe, likasimama gari la polisi. Walipakia birika, vigoda na jiko lake, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kukaa pale. Polisi mmoja alimtazama Mama Zaina, aliyevaa kitenge cha mikono mifupi, akamuuliza kama ni Muislamu. Mama Zaina, kwa fahari yote, akasema ndiyo. Hapo ndipo alipokosea. Alisimamishwa juani akahubiriwa juu ya mikono yake, na Idi akatafsiri akiwa ameinamisha kichwa. Kisha polisi akanigeukia. Idi akamwambia mimi ni Mkristo. Polisi akanipa mkono, akanikaribisha Sudan.

Muuza chai alibaki na kitambaa cha kufutia vikombe tu. Alimwambia Idi kwamba alikimbia vita Darfur na watoto wanne, na hii ilikuwa mara ya tatu wanachukua birika. Kwa mara ya kwanza katika safari ile sikuona cha kuchekesha. Nilimpa fromaji moja. Aliipokea kwa mikono miwili bila kuuliza aliyechinja.

Siku ya saba tulitua Tehran. Huko ndiko watu wa Goma walikoniambia nitajuta. Milima imesimama juu ya mji kama yetu, ila yao ina theluji. Uwanja wa ndege, mama mmoja aliyejifunika nguo nyeusi alimzuia Mama Zaina: kilemba chake cha kitenge kiliacha shingo na masikio wazi.

"Mwambie nimefika Makka," Mama Zaina alifoka. "Yeye amefika?"

Yasini, mtoto wa dada yake, aliyekuwa anasomea dini kule na aliyekuja kutupokea, hakutafsiri hilo. Mama Zaina alipewa mtandio, akaufunga kwa hasira. Mimi nilisimama pembeni nikingoja zamu yangu. Hakuna aliyeniuliza kitu, isipokuwa kijana wa mizigo aliyetaka kujua kama nimeshawahi kuona theluji.

Kesho yake Yasini alitupeleka kwa mwanachuoni mmoja mpole mwenye ndevu nyeupe. Nilijieleza kama mtu anayeungama: ndama, kisu, Mkatoliki, Faustin. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nyama ya ndama huyo asingeila, lakini prezire, kwa elimu yao, ni safi, haidhuru nani amechinja. Nilimwomba Yasini aulize tena. Jibu likawa lilelile. Nilikuwa nimejiandaa kuteswa kwa ajili ya imani, na sasa nilikuwa nakaribishwa chai.

Mfanyabiashara tuliyepelekwa kwake baadaye ndiye aliyekataa. Alinusa fromaji, akairudisha taratibu mezani, akasema dini haina tatizo. Tatizo ni pua yake.

Siku ya kumi tukafika Muscat, Oman. Pale hakuna aliyemgusia Mama Zaina habari ya mikono wala shingo. Alitembea siku nzima sokoni akisubiri kukaripiwa, na jioni nilimwona kama amevunjika moyo.

Mwenyeji wetu, Bwana Salum, alizaliwa Kasongo, Maniema, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. "Karibu, ndugu yangu! Sombe banapika bado kule?" Kutoka kwenye kisamvu alihamia kwa watu; nusu ya siku alituuliza habari za mtu mmoja mmoja, wengi wao marehemu. Ijumaa, siku ya mapumziko, alinipeleka mwenyewe kanisani kwa gari, kwani mapadri wa kule husoma misa siku hiyo pia, akaningoja kivulini. Kiwanja, alisema, kilitolewa na sultani. Nikamuuliza watu wanamwonaje sultani huyo. Bwana Salum alitazama kushoto, akatazama kulia, ingawa tulikuwa ndani ya gari na vioo vimefungwa.

"Hayo hatuyasemi," akajibu, akawasha redio.

Fromaji aliipenda. Hoteli ya shemeji yake ingeichukua kila mwezi, kwa sharti moja: ndama achinjwe na Muislamu, na iwe kwenye karatasi. Mama Zaina alisema huyo yuko Birere, atapanda Masisi hata kesho. Karatasi ikaandikwa, ya Kiarabu, ikapigwa muhuri. Usiku ule nilihesabu kichwani ndama watakaozaliwa, nikalala nikitabasamu.

Asubuhi simu ililia. Ilikuwa sauti ya Esperance, na nyuma yake watu wanakimbia. "Papa Neema, waasi baliingia mjini. Tunatoka." Ikakatika.

Bwana Salum alinishika bega. "Deo, baki hapa. Kazi nitakutafutia. Bibi na watoto watakuja pole pole." Alisema kwa moyo, na mimi nilijibu kwa kufunga mzigo. Mama Zaina alikuwa amekwisha kufunga wake.

Siku ya kumi na tatu tulitoka Kigali kwa basi mpaka Gisenyi, tukavuka barieri ya mpakani kwa miguu. Upande wetu meza ya uhamiaji ilikuwa ileile, ila nyuma yake waliketi waasi wenye buti mpya. Aliyenihoji alikuwa na rozari shingoni. Mama Zaina alipita bila kuulizwa neno.

"Weye ulikuwa wapi siku tunakomboa mji?"

"Nilikuwa nauza fromaji."

"Kwa nani?" Alipoiona karatasi ya Kiarabu aliigeuza juu chini, akaniweka juani kwa muda wa saa mbili. Kisha akanisomea masharti ya kuingia kwangu mwenyewe: mkutano ni lazima, kazi ya barabara Jumamosi ni lazima, redio ni ile moja, na mwenye kulalamika amejitangaza kuwa adui.

Mapendo nilikuta mlango wetu wazi na chumba kitupu. Jirani akanionyesha upande wa Mugunga, kambini.

Niliwapata saa kumi, chini ya hema la plastiki, Esperance na watoto wote, wazima. Nilikaa chini nikawahesabu mmoja mmoja. Pembeni yao alikuwa Faustin, ameshika kamba isiyo na ng'ombe.

"Wanajeshi wa serikali walipokimbia walikula wanne," alisema. "Waasi walipofika wakakula watano."

"Waliwachinja vipi?" Niliuliza kwa mazoea tu, wiki mbili nzima nilikuwa nikijibu swali hilo.

Faustin alinitazama. "Kwa risasi."

Mpaka leo watu wananiuliza nilijifunza nini, nami najua wanataka niwape orodha, ya kwanza kwa ukali mpaka ya mwisho. Sina. Khartoum walikuwa wakali kwa mama wa chai na wapole kwangu. Tehran walikuwa wakali juu ya shingo na wakarimu juu ya prezire. Muscat walikuwa wakarimu kwa kila kitu, ilimradi mdomo ufungwe. Na popote nilipopita, mzigo wa sheria za Kiislamu aliubeba Mama Zaina, Muislamu, aliyekwenda bila hofu yoyote. Mimi niliyetetemeka tangu Goma nilipita kama mgeni wa harusi. Waliponiweka juani, ilikuwa kwetu, na aliyeniweka anasali rozari kama mimi.

Jumamosi ya kwanza kambini, wazee walikusanyika hemani kwetu. Muzee mmoja wa Kitshanga, ambaye hajavuka hata Gisenyi, aliketi mbele kabisa akaniomba nisimulie. Nilikuwa nimefika kwenye gari la polisi wa Khartoum wakati waasi watatu walipoinua plastiki kwa fimbo. Wanaume wote nje, barabarani, kubeba mawe. Hata wazee. Hata wagonjwa.

Tulitoka. Muzee aliinuka kwa shida, akaegemea bega langu. Fimbo ilipompata mgongoni alijikunja kidogo, akajinyoosha, kisha akaniinamia sikioni.

"Endelea kutuambia, Papa," alisema. "Huko kwa Waislamu, serikali inatesa watu sana?"