Mjukuu Wangu Alisoma Mbele ya Watu Elfu Arobaini

Nilikata kwa panga bango lenye uso wa mjukuu wangu, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima.

Halikuwa bango dogo. Lilifunika geti letu lote na kipande cha ukuta.

HONGERA RHEALYN, MUUGUZI WETU MPYA!

Upande mmoja uso wa Rhealyn. Upande wa pili uso wa Kapitan Sarrosa, kiongozi wa kijiji chetu, mkubwa mara mbili ya ule wa msichana, meno yote nje. Uchaguzi ulikuwa umekaribia.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Matokeo ya mtihani yalikuwa bado hayajatoka.

"Lolo Tikyo, unafanya nini?" Kapitan alipayuka. Lolo kwetu ni babu. "Bango jipya hilo!"

"Katundike kwako."

"Mzee, siku ya matokeo maduka ya kuchapisha mabango yanafurika! Sisi tunawahi!"

"Unawahi nini? Msiba?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikata kamba ya mwisho, na meno ya Kapitan yakalala kwenye matope.

Kwetu Negros, kisiwa cha Ufilipino, mtoto akifaulu lazima bango. Akimaliza shule ya msingi, bango. Akipata leseni ya kazi, bango mpaka barabara kuu, na mwanasiasa hakosi kujibandika pembeni kama ndiye aliyefanya mtihani. Hilo nimelizoea. Lakini kumpongeza mtu ambaye hajafaulu? Hilo sikuwahi kuliona.

"Kwani wewe Lolo una wasiwasi gani?" mke wa Kapitan aliniuliza. "Mtoto anafuatwa na watu elfu arobaini kwa sababu ya kusoma. Atafelije huyo?"

Elfu arobaini! Kana kwamba hao wangeingia naye chumba cha mtihani.

Jioni ile picha yangu nikiwa na panga ilikuwa imezagaa mtandaoni. Nilizisoma komenti zote. Babu mchawi. Babu ana wivu. Mzee amechanganyikiwa, apelekwe hospitali. Wengine walinitukana kwa tahajia za aibu. Niliwasahihisha watatu, nikachoka.

Sasa nisikilizeni mimi.

Mimi si adui wa elimu. Nilikuwa mwangalizi wa boila kiwanda cha sukari. Mchana moto, jioni shule ya watu wazima, masizi bado puani. Sekondari niliimaliza nikiwa na watoto wawili. Hadi leo siku haipiti bila kusoma. Kwa hiyo mtu akisoma namjua. Na mtu akijifanya anasoma, huyo namjua zaidi.

Mama yake Rhealyn ni binti yangu, Merlinda. Anafanya kazi za ndani Hong Kong. Aliondoka mtoto akiwa bado anang'oka meno ya utoto, akaniachia mimi nimlee. Mkataba ukiisha, anasaini mwingine. Ukiisha huo, mwingine tena.

Lakini alituahidi kitu kimoja.

"Tay, baba yangu, siku mwanangu akipata leseni ya uuguzi, nafunga begi. Sisaini tena."

Kwa hiyo ule mtihani haukuwa wa Rhealyn peke yake. Ulikuwa ndio mlango wa binti yangu kurudi nyumbani nikiwa bado hai.

Rhealyn alihitimu chuo, akabakiwa na miezi ya kujiandaa. Ndipo alipofungua ule ukurasa. Soma na Rhea.

Kila jioni baada ya chakula anaingia laivu. Meza imepangwa kama duka la maua. Taa nyeupe. Kalamu za rangi zimejipanga kuanzia njano hadi zambarau. Kahawa ya barafu ambayo hata hainywi. Simu kwenye kistendi inamuonyesha ameinamia kitabu, nywele zimefungwa vizuri, uso mtakatifu.

Watu wanatazama. Mtu ananyamaza na kitabu, na watu elfu arobaini wanamfuata. Dunia imefika huku.

Jioni moja nilimpelekea tangawizi ya moto. Nikapita nyuma ya kiti chake. Ndani ya kile kitabu, katikati ya kurasa, kulikuwa na simu ya pili. Mpya, aliyotumiwa na mama yake.

Uso mtakatifu ulikuwa unasoma komenti.

Alipomaliza nikamwita mezani.

"Inday, binti, lete kitabu."

"Lolo, nimechoka."

"Umechoka na nini? Lete."

Akaleta. Nikafungua popote. Ukurasa mzima ulikuwa wa rangi. Hapakuwa na mstari uliosalimika.

"Kalsiamu ikishuka mwilini, mgonjwa anaonyesha dalili gani?"

Akatazama dari. "Hiyo naijua."

"Sema basi."

"Naikumbuka kabisa, Lolo. Niliipaka waridi."

"Sikukuuliza rangi!"

"Unanipigia kelele ya nini? Mimi najua ilipo, nitaitafuta tu!"

"Mgonjwa akikata roho utamwambia asubiri, unatafuta ukurasa wa waridi?"

Akasimama. "Wewe ulisoma zamani, Lolo. Shule ya usiku, na makuli. Mimi nasoma na watu elfu arobaini. Nani amefanikiwa hapo?"

Nikakifunga kile kitabu. Nikamrudishia. Kama ningejibu, ningesema neno ambalo babu hapaswi kumwambia mjukuu wake.

Kilichoniuma zaidi ni simu za mama yake.

Merlinda akimaliza vyombo vya mwajiri wake, anapiga. Rhealyn anaitazama simu inaita, anaigeuza kifudifudi.

"Lolo, mwambie nasoma."

Nami, mzee mzima, napokea simu yangu na kusema uongo. "Anasoma, Merlinda."

"Sawa, Tay. Asisumbuliwe."

Dakika chache baadaye, kuta zetu ni za mbao nyembamba, namsikia humo chumbani: "Hi Manang Vilma! Umekula? Leo umechelewa, nilikuwa nakungoja!"

Anacheka mpaka anapaliwa.

Huyo Vilma alikuwa mfuasi wake mmoja. Kwetu ukimwita mtu Manang umemfanya dada yako mkubwa. Eti ni muuguzi, yuko nje ya nchi. Laivu ikiisha wanaandikiana tena faragha. Rhealyn alimsifia kwangu: "Yule ananielewa, Lolo. Si kama watu wengine humu ndani."

Humu ndani tulikuwa wawili tu. Nikajua watu wengine ni nani.

Nikamfokea. Nikamfungia intaneti, akaenda kununua bando. Nikaificha taa, akanunua nyingine kubwa zaidi. Akaniweka kwenye ukurasa wake bila mimi kujua, nikiwa nagomba, nimevaa fulana yangu iliyotoboka. Aliandika: Mnaishi vipi na mzee kama huyu?

Komenti elfu moja na kitu. Zote za kunifundisha malezi.

Mtihani ukafika. Akaenda na koti jeupe, akapiga picha getini pa kituo, akarudi akisema ulikuwa mwepesi.

Ndipo Kapitan alipoleta bango lake. Mengine mnayajua.

Matokeo yalitoka. Rhealyn alitafuta jina lake mara ya kwanza akiwa amesimama. Mara ya pili akakaa. Mara ya tatu akaniletea mimi simu, kana kwamba miwani yangu ingeona jina ambalo halikuwepo.

Halikuwepo.

Watu wanadhani nilifurahi kuwa nimeshinda. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikawapa kuku mpunga uliokuwa wa mbegu. Wote.

Siku zile zile akaja msichana kutoka mji wa jirani, simjui, amebeba keki za mchele kwenye majani ya ndizi. Amefaulu.

"Nimekuja kumshukuru Rhea," akaniambia. "Mimi nilikuwa naiwasha laivu yake, nalaza simu kifudifudi, nasikiliza anavyogeuza kurasa. Naye anasoma, nami nasoma. Nilikuwa sijisikii mpweke. Yeye amepata alama ngapi?"

Rhealyn alikuwa nyuma ya pazia. Hakutoka.

"Amelala," nikasema. Uongo mwingine. Keki nilizipokea. Chakula hakina kosa.

Jumapili Merlinda akapiga. Jumapili ndiyo siku ya mapumziko ya wafanyakazi wa ndani kule. Wanatandika maboksi kando ya barabara, wanakaa, wanakula wali, wanapiga simu nyumbani. Nyuma yake niliwaona wenzake wanasukana nywele.

Safari hii nilimkamata Rhealyn mkono, nikamkalisha mbele ya simu.

"Mwambie mama yako."

Rhealyn akainamisha kichwa. "Ma... sikufaulu."

"Najua, mwanangu."

Hakushtuka. Hakulia. Nikaona hapo pana jambo.

"Merlinda," nikaingilia, "rudi tu. Mtihani ataurudia mwakani. Umri wangu haurudi nyuma. Rudi."

"Tay, nimeshasaini."

"Umesaini nini?"

"Mkataba mpya. Miaka miwili."

"Lini? Matokeo yametoka juzi!"

Akatazama pembeni. "Kabla ya mtihani."

Niliisogelea simu. "Kwa hiyo hukumwamini mwanao hata kabla hajakalia kiti cha mtihani? Nani alikwambia atafeli?"

"Aliniambia mwenyewe."

Rhealyn akainua kichwa. "Mimi? Ma, mimi sijakwambia! Mimi na wewe hata hatujaongea!"

"Hukuniambia mimi," Merlinda akasema. "Ulimwambia Manang Vilma."

Nyuma yake mmoja wa wale wanawake aliacha kusuka.

Rhealyn alikuwa mweupe kama karatasi. "Umemjuaje Manang Vilma?"

"Hakuna Manang Vilma, mwanangu. Ni mimi."

Hata mimi nilishika meza.

"Nilikuwa napiga, naambiwa unasoma," Merlinda aliendelea, sauti haipandi wala haishuki. "Nikifungua simu nakuona unacheka na watu. Nikasema, basi na mimi niwe watu."

"Umenipeleleza!" Rhealyn alipiga meza. "Mama gani anafanya hivyo? Umenidanganya miezi yote hiyo!"

"Nilikusalimia. Ukaniitikia. Nilifurahi mpaka nikaunguza samaki wa bosi."

"Ma, acha!"

"Ukaniambia husomi. Ukaniambia unapaka rangi tu, kichwani hakiingii kitu, unaogopa. Nikakwambia zima simu ukasome. Ukanijibu, 'Manang, usiwe kama Lolo wangu.'"

Hapo sikuvumilia tena.

"Na wewe Merlinda!" nikafoka. "Ulijua mtoto hasomi, bado kila jioni uko naye humo humo, unamchekesha? Ulishindwa kuniambia? Ulishindwa kutoka?"

Kwa mara ya kwanza sauti yake ilivunjika.

"Tay, ningetoka ningekwenda wapi? Ndio muda pekee aliokuwa nao kwa ajili yangu."

Nikavua miwani, nikaifuta kwa fulana.

Rhealyn alikuwa analia sasa, lakini kwa hasira, ngumi zimefungwa. "Ungesema tu ni wewe! Ungesema!"

"Nilikaribia kusema," Merlinda akamjibu. "Jioni ile nilipokuuliza mama yako yuko wapi. Unakumbuka ulichoniandikia?"

Rhealyn akafunika uso.

"Uliandika, 'Mama yuko bize. Hana muda na mimi.'"

Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni kidole chake.

Mngetaka niwaambie kuwa tulikumbatiana. Hatukukumbatiana.

Rhealyn aliingia chumbani, akabamiza mlango. Nikasema moyoni, haya, leo amepigwa mahali panapouma, labda leo atazima kile kitu. Nikakoka moto, nikaweka wali kwa watu wawili.

Nikasikia kistendi kinafunguliwa.

"Jamani," sauti ya kilio ikapenya mbao, "leo siwezi hata kusoma. Nataka niwasimulie mama yangu amenifanyia nini..."

Alisimulia yote. Yale ya mkataba, ya samaki kuungua, ya Vilma. Alilia vizuri sana. Nasikia ndiyo laivu iliyotazamwa kuliko zote. Kufikia asubuhi wafuasi walikuwa wamezidi elfu sitini, na wengi walikuwa wanamtukana binti yangu.

Alipomaliza alitoka na simu mkononi, macho yamevimba, akisukuma komenti juu kwa kidole.

"Unamtafuta nani?" nikamuuliza.

Alipekua mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapekua tena.

Vilma hakuwepo. Hata leo hajarudi.

Nimeandika haya humu humu mtandaoni, na najua mtanicheka. Chekeni. Anayetangaza moto hupiga kelele mahali walipo watu.

Wewe mwanafunzi unayesoma hapa wakati kitabu kimelala pembeni, nakwambia bila kukubembeleza: kutazamwa ukisoma si kusoma. Kichwa hakijazwi na macho ya watu. Kinajazwa ukiwa peke yako, umechoka, hakuna anayekupigia makofi, na unarudia ukurasa ule ule kwa sababu haujakuingia. Hakuna njia nyingine. Nimeitafuta miaka sabini, haipo.

Na yule anayekupigia simu ukamwambia unasoma, kama kweli unasoma, Mungu akubariki. Kama husomi, pokea. Wageni hawataisha. Huyo ataisha.

Mimi nimebakiza miaka miwili ya kumsubiri binti yangu. Nimeshamwambia mjukuu wangu, kitabu kiko mezani, na mimi niko mezani, akitaka kuulizwa maswali.

Bado hajaja kukaa.