Ufunguo wa Kilembwe

Wifi yangu Dorothée anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni Baraka, na ulimi wake hauna breki. Lakini asubuhi ile hospitalini Bujumbura alinyamaza kabisa, nami nikaogopa kuliko yeye.

Kichwa kilikuwa kikimsumbua miaka mingi. Daktari wa Baraka alihofia uvimbe kwenye ubongo, akatutuma kwenye IRM, mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa bila kisu. Mume wake alifia vitani. Kama naye angekufa, watoto wake wanne wangebaki mikononi mwangu, na wa kwangu tayari wananitoa jasho.

Raphaël, fundi wa mashine, alimweleza taratibu. "Mama, hii mashine iko sumaku kubwa. Toa kila kitu ya chuma. Na risasi? Hakuna yenye ilibaki mu mwili?"

Dorothée akavua hereni, akachomoa pini ya kitenge. "Hakuna. Imeisha. Mungu ananiona."

Raphaël akampitishia kijiti cha kukagua chuma. Miguuni kimya. Tumboni kimya. Kilipofika kichwani, kikalia.

Dorothée akaanguka sakafuni. "Iko risasi! Risasi iko mu kichwa yangu! Batoto bangu banabaki na nani?"

Nikainama kumwinua. Kisha nikakumbuka tulivyokimbia vita kijijini kwetu Kilembwe. Wanawake wengi tulisukia ufunguo wa nyumba ndani ya nywele, maana askari walipekua mifuko, vifua, hata nguo za vichanga, ila nywele hawakuzigusa. Mimi wangu niliutoa zamani. Nikamvua kitambaa, nikapapasa msuko wa utosini.

"Wifi, na hii iko nini?"

"Ile? Ile iko ufunguo," akanijibu kwa hasira, kana kwamba nimeuliza habari za sikio lake.

Raphaël alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ilibidi tupake mafuta ndipo nywele zikauachia.

Akalala chali kwenye kitanda chembamba, masikio yamezibwa, mkononi ana mpira wa kubonyeza akitaka kutolewa. "Itapiga kelele sana, mama," Raphaël akamwonya. "Iko mashine, haiko bunduki. Usitikisike tu."

Nami nilivua vyangu vyote vya chuma, nikaruhusiwa kukaa pale nimemshika mguu. Mashine ilipoanza kugonga tatatata, mguu ukakakamaa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini mpira hakuubonyeza, wala hakuumia popote.

Baadaye daktari wa pale alituita. "Ubongo iko muzima. Hakuna uvimbe." Akampapasa utosini, mahali penye maumivu yale. Ngozi ilikuwa imevimba na nywele zimekatika. Msuko ule uliokazwa juu ya chuma ndio uliokuwa ukimvuta miaka yote. Nililia, nikacheka, na sikuona haya.

Ndani ya gari akanipa ufunguo. Nyumba yenyewe iliungua, sote wawili tunajua.

"Chunga we ufunguo, wifi. We kichwa yako iko nguvu."

Tulipofika Baraka alikaa mlangoni, akafumua nywele zote, akamwita binti yake Gentille aje amsuke. Mtoto akaanza kuvuta kwa nguvu, kama alivyozoea.

"Pole pole, mama," Dorothée akamwambia. "Usikaze. Leo hatukimbie fasi yoyote."